Mto au Bwawa

Siku hiyo ya Agosti Tyra Öhrling hakutulia tangu alfajiri. Alimimina kahawa akaiacha ipoe. Akavaa koti, akalivua, akaenda dirishani kutazama ukungu juu ya bwawa. Mumewe, Jerker, aliyeendesha mitambo ya umeme kwenye bwawa hilohilo, alikuwa akipaka mkate siagi.

"Kaa basi, mke wangu. Sakafu itatoboka."

"Jioni wanataka jibu langu, Jerker."

Jibu lenyewe lilikuwa jepesi kulitamka, zito kuliamua. Ofisi ya mkoa, alikokuwa mtaalamu wa maji, ilikuwa ikiweka viwango vya ubora kwa Mto Vindre. Maji yakihesabiwa kuwa mto, sheria ingedai yawe na hewa ya kutosha na yatiririke. Yakihesabiwa kuwa bwawa, kiwango kingelegezwa, maana nani atayadai maji yaliyofungwa yakimbie? Mkuu wake, Håkan Sjödell, alitaka yote yaitwe bwawa, hata ule mkondo wa mawe chini ya ukuta wa bwawa, uliokauka tangu mto ulipogeuziwa handakini kwenda kwenye mitambo.

"Sema bwawa, tulale usingizi," Jerker alisema. "Ukisema mto, itabidi nifungue lango nimwage maji bure. Umeme ukipungua, wataanza kupunguza watu."

"Wewe pia?"

"Mimi nimekaa karibu na mlango." Alicheka. Tyra hakucheka.

Mchana alishuka mkondoni peke yake. Kati ya mawe kulikuwa na vidimbwi vilivyosalia, na katika kimoja samaki kadhaa wa mtoni walikuwa wakitweta juujuu, midomo wazi. Alitumbukiza kipimo cha hewa. Namba iliporomoka karibu na sifuri. Alihamia kidimbwi cha pili, kisha cha tatu, kana kwamba angekuta kimoja cha kumruhusu arudi nyumbani.

Jioni ukumbi wa kijiji ulijaa watu na harufu ya maandazi ya mdalasini. Mwenye kiwanda cha mbao, Torbjörn, hakungoja zamu yake.

"Tyra, mumeo anakula kwenye bwawa hilo. Wewe wataka kuvunja sahani?"

Watu walicheka. Håkan alimwinamia. "Sema kama nilivyokwambia, ukae."

Alisimama.

"Juu ya ukuta ni bwawa, na tulipime kama bwawa. Chini ya ukuta ni mto. Hauna maji kwa sababu tumeyachukua sisi. Hilo haliufanyi usiwe mto."

Håkan alifumba macho. Nyuma kabisa Jerker aliinuka akatoka, na mlango ukajifunga polepole.

Kwa majuma kadhaa mke na mume waliongea habari za kuni na chumvi tu, na Tyra akazoea kuamka kabla ya jua na kuzunguka nyumba.

Baraza la maji, lenye kauli ya mwisho, lilimpa nusu ya alichotaka. Mkondo ukaitwa mto, ila maji yangefunguliwa tangu theluji inapoyeyuka hadi majani yapukutike. Majira ya baridi yalibaki ya umeme. Håkan hakumfukuza, lakini aliacha kumwalika vikaoni. Jerker naye alihamishiwa mitambo ya mbali, ambako angeweza kurudi nyumbani mwisho wa juma tu.

Theluji ilipoyeyuka na lango kufunguliwa kwa mara ya kwanza, lilikuwa juma la mwisho la Jerker pale, na aliyelifungua ni yeye. Tyra alisimama ukingoni. Maji yalikuja machafu, yamebeba matawi na makopo, yakapapasa mawe kama mgeni asiyejua nyumba. Jerker akashuka ngazi akasimama kando yake.

"Haya, umeridhika?"

"Sijui. Mbona yanakwenda polepole?"

"Ndiyo kwanza yanaanza, bibi wewe."

Lakini Tyra alikwisha kuondoka, akifuata ncha ya maji kando ya mawe, apate kuona yanafika wapi. Jerker alinung'unika kidogo, akamfuata.