Taa ya Irine na Mashine ya Wiston

Wiston alisema mara moja tu, hakurudia: mashine ikishindikana, anakwenda Geita machimboni. Ndiyo maana nilipanda naye pikipiki kutoka Nyamigogo mpaka kwa fundi Biharamulo mjini, mimi ambaye mashine yenyewe sijui hata kuiwasha. Wiston ndiye mtoto pekee niliyebaki naye.

Ni laptopu ya gemu, nzito, vitufe vyake vinawaka rangi rangi. Wenzake huzitumia kuchezea gemu la mpira. Yeye huitumia kukata na kuunga video za harusi na za misiba, maana kazi hiyo inataka mashine yenye nguvu. Siku za karibuni ilikuwa inamfia mikononi. Amechomeka waya, taa ya chaji imewaka, lakini asilimia zinashuka. Harusi ya Bisibo ilimkwama hapo, bwana harusi akampigia simu kumwita tapeli.

Fundi, kijana anayeitwa Ndizeye, alinipa shikamoo bila kuinua macho. Aligeuza mashine, akapuliza tundu la chaji, akalimulika, akatikisa waya pale unapoingia.

"Tundu zima. Betri mmebadilisha?"

"Bado. Ndiyo ninayoiogopa," Wiston alisema.

"Usinunue kitu kwanza." Akaichukua chaja, akaipima mkononi kama mtu anayepima samaki, akacheka. "Hii umeitoa wapi?"

"Mama aliniletea kutoka dukani kwa Ndassa. Yake yenyewe ilipotea."

"Mzee," fundi akanigeukia, "mnamnywesha ng'ombe kwa kisoda. Hii ni chaja ya mashine ya ofisini. Inaingia, taa inawaka, lakini wati zake hazitoshi. Kijana akianza kazi, mashine inakula kuliko inavyopewa. Inamalizia kwenye betri yake."

Alifungua droo, akatoa chaja nyeusi, pana kama tofali, akaichomeka. Asilimia zikaanza kupanda. Wiston alizitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wake akinywa uji.

"Hii siuzi, ni ya kupimia," alisema Ndizeye. "Tafuteni ya kwenu. Ilipotelea wapi?"

"Harusini Bisibo, nadhani. Kesho yake haimo kwenye begi."

Mimi nilikuwa natazama lile tofali. Niliwahi kuliona. Nilipokuwa natafuta jembe chini ya kitanda cha Irine nilikuta kitu kama hicho kimeviringishwa kitenge, nikadhani ni kifaa cha sola, nikakiacha. Nilimwambia Wiston turudi nyumbani.

Irine ndiye kifungua mimba wetu. Alifia chumbani humo, mvua inanyesha, kibatari kimeisha mafuta, mama yake amemshika na uso wake haoni. Sola tuliweka baadaye, na taa ya kwanza mke wangu aliitaka humo. Matanga yakianuliwa, moto wa msiba huzimwa. Kila mtu anajua hivyo. Wa kwake hakuuzima. Taa inawaka tangu jua linapozama mpaka asubuhi, kila siku, miaka sasa. Ile chaja kubwa ikichomekwa jioni, betri ya sola ilikuwa inakata mapema na chumba kinakuwa giza.

Nilimkuta mke wangu jikoni anachambua maharage.

"Mama Irine. Chaja ya kijana iko wapi?"

Hakuuliza chaja gani. "Ikirudi, taa inazimika."

"Isiporudi, anakwenda Geita."

"Geita kuna mwanga."

"Anaingia chini ya ardhi, wewe."

Aliendelea kuchambua. "Wiston ana miguu. Akitaka kurudi atarudi. Dada yake alikuwa gizani, Baba Irine. Nilimwambia usiogope, na mimi ndiye niliyekuwa naogopa."

Niliingia chumbani kwa Irine, nikaitoa chaja na kitenge chake, nikampelekea Wiston uani. Aliitambua. Kitenge cha dada yake nacho alikitambua. Nilidhani atafoka.

"Mngeniambia tu," alisema. "Ningechaji mchana."

"Mchana unakuwa harusini."

"Basi ningejua la kufanya." Alianza kukunja waya taratibu. "Baba, mimi hata harusini hutambulishwa kuwa mdogo wake Irine. Sijawahi kukasirika. Lakini na taa siwezi kushindana."

Geita hakwenda. Alipanga chumba Biharamulo mjini, kwenye umeme wa nguzo, karibu na Ndizeye. Chaja anayo, na mashine haizimi tena, nasikia. Kulikuwa na harusi hapa hapa Nyamigogo, akaja kupiga video, akalala kwa wenye harusi. Nilimwona kwa mbali ameshika kamera, nikangoja anifuate. Alinipungia mkono tu.

Kwetu betri haikati tena. Nikiamka kwenda shambani naikuta taa bado inawaka na nje kumeshapambazuka. Mke wangu anakuwa tayari amekaa mlangoni. Pikipiki ikisikika barabarani anaacha alichoshika na kusikiliza.

"Kaangalie," ananiambia.

Natoka, naangalia, narudi namwambia imepita.