Gari Lenye Jamaa Wengi

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Jumanne, Mama Breki alifuta kioo cha kati kwa kitambaa cha manjano, akamwambia mfamasia avute kiti mbele na afunge mkanda. Mfamasia alikuwa mwanafunzi wake kwa mwezi wa pili sasa. Alijua majina ya dawa mia nne kwa moyo, lakini mguu wake wa kushoto ulikuwa bado haujajua kuachia klachi, na kila gari lilipozimika aliliomba radhi kwa sauti, kama mteja aliyepewa dawa isiyo yake.

Shule ya udereva ilikuwa ni Mama Breki mwenyewe na gari moja jeupe lenye herufi nyekundu mbele na nyuma. Upande wake wa abiria kulikuwa na breki ya pili, na kwa miaka ishirini na miwili mguu wake haukuwahi kuchelewa kuikanyaga. Hapo ndipo alipopata jina. Mumewe, kinyozi mpole asiyependa kubishana na mtu kwa kuwa muda mwingi huwa ameshika wembe, alimwita hivyohivyo, hata nyumbani.

Gari lilikuwa limetoka gereji jana yake. Klachi ilikuwa imeanza kuteleza, naye akalipeleka kwa mdogo wa mumewe, mwenye gereji ya mlango wa bluu nyuma ya kituo cha mafuta. Hakuwa na fundi mwingine, wala hakuwahi kumtafuta. Shemeji huyo alikuwa bado anavaa sare ya shule siku ya harusi yao, na udereva alifundishwa na Mama Breki ndani ya gari hilihili.

"Taratibu," alisema Mama Breki. "Achia klachi kama unamlaza mtoto aliyekwisha kusinzia."

Mfamasia akaachia. Gari likaondoka bila kutikisika hata kidogo. Walipofika kwenye makutano, taa ya kushoto ikawaka, usukani ukazunguka chini ya viganja vya mfamasia, na gari likaingia mtaa ambao haukuwamo kwenye somo la siku hiyo.

"Nani kakwambia ukate kushoto?"

"Si mimi, mwalimu. Ni lenyewe."

Mama Breki aliutazama usukani. Ulikuwa unajizungusha vizuri, bila pupa, na ishara ilikuwa imetolewa mapema. Hakuona kosa la kusahihisha. Akakanyaga breki, gari likasimama. Akaachia, likaendelea na safari yake.

Likafika mbele ya geti la kijani, likapiga honi mara mbili. Alitoka mzee aliyestaafu kazi ya posta, mswaki ungali mdomoni. Alilizunguka gari mara moja, akatema povu kando, akasema, "Hiyo honi ni yangu."

"Yako vipi, mzee wangu?"

"Sauti yake naijua. Inaita kama mtu anayekohoa kwa adabu. Nilipeleka gari langu kubadilisha mafuta tu, likarudi linalia kama mbuzi."

"Ulipeleka gereji gani?"

"Ile ya mlango wa bluu."

Gari halikukubali kuwaka mpaka mzee alipoingia kiti cha nyuma, kisha akazungushwa mtaa mzima huku akipungia watu mkono. Siku ya pili lilisimama kwa dada wawili wauza vitambaa. Mkubwa wao alikaa kwenye kiti cha dereva, akajitikisa kulia na kushoto, akatangaza kuwa bonde lile lililo upande wa kulia alilichimba yeye mwenyewe kwa miaka tisa. Siku ya tatu likasimama kwa mshona viatu, aliyekitambua kioo chake cha pembeni kwa ufa wenye umbo la mguu wa kuku. Wote walikuwa wamepita mlango wa bluu. Wote walipanda wakazungushwa. Somo la saa moja likawa la saa tatu, na ndani ya gari kukawa na vicheko kiasi kwamba mfamasia hakusikia tena akiambiwa abadilishe gia.

Hiyo gia nayo ilikuwa jambo. Giaboksi ya Mama Breki, aliyoitunza kama mboni ya jicho, ilikuwa inaingia gia ya tatu kwa kuguswa tu. Hii mpya ilihitaji kubembelezwa kwa mikono miwili.

Ijumaa alikwenda gereji kwa miguu. Shemeji alikuwa chini ya lori. Zilionekana soli za viatu tu.

"Shemeji, toka huko tuongee."

"Naongea vizuri nikiwa huku, shemeji. Gari linatembea?"

"Linatembea."

"Basi shida iko wapi?"

"Linatembea kwa watu. Lina honi ya mzee wa posta, kiti cha wauza vitambaa na kioo cha mshona viatu. Giaboksi yangu iko wapi?"

"Spea zote zinafanana, shemeji. Ukivichanganya vyuma, nani atajua kipi kilikuwa cha nani?"

"Vyenyewe vinajua," alisema Mama Breki. "Sema tu kwamba ulichukua. Neno moja, yaishe."

Shemeji akaomba apitishiwe spana namba kumi na nne. Mama Breki alimpitishia, kwa sababu ilikuwa karibu na mguu wake, kisha akatoka na kwenda moja kwa moja mahakamani kufungua madai.

Jioni mumewe alisikiliza habari yote akiwa anakung'uta nywele za wateja kwenye shati lake. "Unamshitaki mdogo wangu?"

"Namshitaki fundi. Mdogo wako aje Jumapili kula, kama kawaida."

Na Jumapili alikuja, akala, akasifu chakula, akarudia. Mzee wa posta naye alikuja, maana gari lilikuwa limemfuata asubuhi, pamoja na dada wawili na mshona viatu aliyekuja na kinanda kidogo cha kuvuta na kusukuma. Watoto wa Mama Breki walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa mbali, na ua ule ulikuwa umezoea kufagiliwa tu. Sasa ulikuwa na mikeka mitatu na mabishano juu ya nani aimbe kwanza. Mama Breki alijikuta anacheka mpaka anashika mbavu. Akakumbuka kwamba ana kesi, akaacha kucheka, kisha akashindwa kujizuia.

Kwa majuma yote ya kungoja kesi kulikuwa na mtaa mmoja tu ambao Mama Breki alikataa kufika. Kila jioni gari lilipokaribia kona ya nyumbani kwa shemeji, lilitaka kuingia. Mama Breki alikanyaga breki, akashuka, akalisukuma kurudi nyuma hadi barabara kuu, wanafunzi wakisaidia. Mtu aliye naye mahakamani hawezi kumpitia nyumbani. Aliona haifai.

Tena kulikuwa na mgeni wa Alhamisi. Gari jeusi lilisimama getini kwake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ndani yake mlikuwa na bwana mnyamavu mwenye tai. "Samahani, mama," alisema mara ya kwanza, "gari limenileta." Mama Breki alimkaribisha chai. Bwana akanywa, akatazama maua, akashukuru, akaondoka. Lilipoondoka, Mama Breki alisikia gia ya tatu ikiingia kwa kuguswa tu. Aliitambua. Lakini mgeni akiwa mgeni huwezi kumwambia anaendesha giaboksi yako, kwa hiyo Alhamisi iliyofuata alimwongezea sukari.

Siku ya kesi, mlango wa nyuma ya meza kubwa ulifunguka, na aliyeingia akiwa na joho alikuwa yule bwana wa tai. Alikaa, akafungua faili, akavua miwani.

"Kabla hatujaanza," alisema hakimu, "mahakama inatamka kwamba inamfahamu mdai. Imekunywa chai kwake mara sita. Mdaiwa, una pingamizi?"

Shemeji alisimama. "Sina, mheshimiwa. Chai ya shemeji hata mimi naijua."

Karani aliandika kwamba hakuna pingamizi juu ya chai.

Mashahidi walikuja mmoja mmoja. Mzee wa posta aliigiza honi yake kwa mdomo, na toka uani gari likaitika, mara mbili. Hakimu aliagiza gari linyamaze wakati shahidi anaongea, nalo likanyamaza. Kisha ikasomwa ripoti ya mkaguzi wa magari. Ilisema gari ni zima, taa zote zinafanya kazi, na kwamba njiani kwenda kukaguliwa lilipita kwa watu watatu na kote walipewa maji ya kunywa.

"Mahakama itaona kwa macho yake," alisema hakimu.

Walipanda watano. Mfamasia alishika usukani, kwa kuwa yeye hakuwa ndugu wa mtu yeyote. Nyuma walibanana hakimu, karani na shemeji. Mama Breki aliamriwa asiguse breki yake kwa namna yoyote ile, hivyo akapandisha miguu juu ya kiti kama mtu aliyeona panya.

Gari lilipita geti la kijani, likapita kwa wauza vitambaa, likapita kwa mshona viatu, na kila mahali majirani walitoka kuiona mahakama ikipita. Watu walipiga makofi. Karani alipungia mkono halafu akaomba isiandikwe. Ndipo gari likafika ile kona, na safari hii hakukuwa na mguu wa kulizuia. Likaingia, likasimama mbele ya nyumba ya shemeji. Halikupiga honi. Lilizima injini, basi.

Uani palikuwa na gari la shemeji mwenyewe, limepandishwa juu ya mawe, na ndege walikuwa wameanza kutaga kwenye boneti.

"Hapa limekuja kwa nani?" aliuliza hakimu.

Shemeji alitazama kucha zake. "Kwa klachi, mheshimiwa."

"Ya nani?"

"Yangu. Niliitoa kwenye gari langu, ilikuwa mpya. Shemeji kila siku anabeba watu wasiojua kukanyaga. Nisingeweza kumwekea ya kuokoteza."

Mfamasia aliondoa mguu wake kwenye klachi kwa heshima. Mama Breki alishusha miguu yake kutoka juu ya kiti. Aligeuka nyuma.

"Na giaboksi yangu?"

"Siku ile mheshimiwa naye alileta gari lake, na alikuwa na haraka."

Hakimu akakohoa. Karani akauliza kama hilo nalo aliandike.

"Ungeniomba," alisema Mama Breki.

"Ungekataa, shemeji."

"Ningekataa, ndiyo. Ni yangu."

"Unaona sasa."

Mama Breki alingoja aongeze neno moja. Shemeji alifungua mlango wa gari, akaenda kuangalia mayai ya ndege kama yako salama, akarudi akasema yapo manne.

Hukumu ilisomwa juma lililofuata. Mdaiwa alikuwa amekosa. Alipewa siku thelathini kurudisha kila kipuri kwa mwenyewe. Mama Breki alishangiliwa hadi nje. Dada wawili walimfunga kitambaa cha waridi shingoni, na mumewe alifunga duka la kunyolea saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku alipougua.

Siku thelathini zikapita. Mzee wa posta alisema honi ya mbuzi imeanza kumzoea. Mkubwa wa wauza vitambaa alisema mgongo wake unauma, akipona ataleta gari. Mshona viatu alikuwa na kazi nyingi. Kuhusu giaboksi, hakimu alieleza huku akikoroga chai yake ya Alhamisi kwamba faili liko kwa karani, na karani alikuwa likizo. Mama Breki alimtazama sana. Kisha akamsogezea sukari, akamwambia faili hilo ataliulizia tena Alhamisi ijayo, na kila Alhamisi.

Shemeji hakurudisha hata skrubu. Wala hakulisema lile neno. Kinyume chake, wateja walimzidi. Walikuja wajane, waliostaafu, mabwana waliohamia mji bila kumjua mtu; walileta magari yasiyo na ugonjwa wowote, wakasema, "Fundi, litazame tu utakavyoona." Wengine walikuja na magari mabovu kwelikweli, hawakujua lolote, na hao pia hakuwaambia kitu.

Mwezi uliofuata mfamasia alifanya mtihani. Msimamizi, mwanamke mkali mwenye ubao wa kuandikia, alipelekwa kwenye mageti manne na kuongezewa abiria watatu. Aliandika kwamba mtahiniwa alitoa ishara kila mahali, alisimama kwa usahihi, na aliwasalimia wenyeji. Mfamasia akapata leseni. Aliporudi alimkumbatia Mama Breki kwa nguvu mpaka miwani yake ikaanguka, na somo lililofuata alikuja vilevile, akakaa nyuma na wengine.

Jumatatu moja breki za mbele zilianza kulia. Mama Breki alilipeleka gari kwenye mlango wa bluu, akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Breki tu, shemeji. Usiguse kingine."

"Kwani mimi nagusa?" alisema shemeji, akifuta mikono. "Niachie, uje kesho."

Mama Breki aliyatazama magari mengine sita yaliyopangwa ndani, ya watu asiowajua. Alijua vizuri kitakachofanyika akigeuza mgongo. Alijua pia kwamba si haki, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa na hukumu ya mahakama mkobani.

Akaweka ufunguo mezani. Alirudi nyumbani kwa miguu, jua likiwa la asubuhi bado, na njiani akaingia dukani kununua vikombe sita.