Ngazi Kumi na Mbili za Sehemu

Mwalimu wa hesabu alikuwa na wanafunzi sitini na wanne wa darasa la sita, na miguu iliyovimba kila ifikapo saa tisa alasiri. Kwa miaka ishirini na miwili alifundisha sehemu, na kwa miaka hiyo yote watoto walimwandikia kwamba nusu jumlisha theluthi ni mbili ya tano. Siku hizi hata hasira hazikuja. Alitia alama ya kosa, akafunga daftari, akafungua jingine.

Jumapili moja alikuwa amejilaza kwenye kochi akimtazama bintiye akicheza gemu kwenye simu. Kijitu kiliruka shimo, kikatumbukia. Kikaanza upya, kikatumbukia tena. Mama akahesabu mara kumi na tisa.

"Hukati tamaa wewe?"

"Nikate tamaa ya nini, mama? Sasa najua shimo liko wapi."

"Lakini shuleni ukikosa swali moja tu, machozi!"

"Shuleni ukikosa ndiyo basi," binti akasema bila kuinua macho. "Mnaandika sifuri, mnasonga mbele."

Neno lile lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Jumatatu akabandika karatasi kubwa ukutani: ngazi kumi na mbili, kuanzia kugawa chungwa hadi kuzidisha sehemu kwa sehemu. Kila ngazi maswali matano. Ukipata yote, unapanda na kuchorewa nyota. Ukikosa, unarudi kesho na maswali mengine, hata mara mia. Sifuri hakuna.

Wiki ya kwanza darasa lilivuma kama mzinga. Wiki ya pili nyota zikaleta balaa. Wa juu wakawacheka wa chini, mmoja akakamatwa na majibu kiganjani, na walionakili wakapanda haraka kuliko waliofikiri. Na madaftari je? Kila aliyekosa alirudi, na kila aliyerudi alitaka kusahihishiwa. Mwalimu alisahihisha wakati wa chai, akasahihisha akiwa kwenye foleni ya kituo cha afya, akaota anasahihisha.

Kwenye benchi la nyuma alikaa msichana ambaye wenzake walimwita Kimya. Tangu mwaka uanze hakuwahi kukusanya daftari. Sasa alikuwa amekwama ngazi ya saba, ile ya kujumlisha, na alikuwa amerudi mara tisa.

Wiki ya nne mwalimu mkuu akaingia, daftari la alama kwapani.

"Mwalimu, sifuri ziko wapi?"

"Hazipo, mkuu. Hawajamaliza."

"Darasa zima? Mkaguzi akija nimwambie watoto wanacheza gemu? Bandua hilo karatasi."

Majibu alikuwa nayo, tena mazuri. Nguvu za kuyatoa ndizo zilizokosekana.

"Sawa, mkuu."

Akalibandua mwenyewe baada ya kengele, na kwa aibu akahisi mzigo umemtoka mabegani. Alipogeuka, Kimya alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwalimu, nimeleta ya saba."

"Ngazi zimekwisha, mwanangu. Hakuna nyota tena."

"Najua. Ila bado sijaelewa."

Mwalimu akatazama mkoba wake, akatazama mlango. Kisha akaketi. Swali lilikuwa lile lile la miaka yote, na jibu lilikuwa kosa. Lakini lilikuwa kosa jipya: msichana alikuwa amepata asili, ile namba ya chini, kuwa sita, akaandika tatu na mbili juu yake, halafu akazijumlisha vibaya.

"Tatu na mbili ni ngapi?"

Kimya akaangalia, akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka. "Tano! Tano ya sita!"

"Haya. Ya pili."

Tangu siku hiyo hapakuwa na karatasi wala nyota. Waliotaka tu ndio waliorudi. Waliopenda nyota wakatoweka, wakabaki watoto kumi na wanane, na hao mwalimu aliwaweza, japo kwa taabu. Mtihani ulipokuja, wastani wa darasa ulisogea kidogo tu, kiasi kwamba mwalimu mkuu hakuuona. Kimya alipata arobaini na moja kwa mia. Likizo, mwalimu alilala siku mbili mfululizo.

Muhula mpya ulipoanza, alasiri ya kwanza walimsubiri ishirini na sita, kila mmoja na daftari lake. Mwalimu akaguna, akavuta kiti.

"Nani alianza kufika?"