Mlango wa Damu ya Mzee

Tangu saa tatu asubuhi Chiriku alikuwa ameegemea mlango wa kushoto wa gari la kaka yake, na si kwamba alikuwa amechoka. Alikuwa anauficha. Mtu aliyepewa jina hilo kwa kupenda kusema, leo alijibu kila swali kwa "ee" na "hapana". Aliyemjua angedhani jino linamuuma.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, wamelifufua ndugu hao wawili kwa mikono yao: kaka injini na viti, dada bodi na rangi. Na rangi ilikuwa damu ya mzee, imepakwa mikono saba, inang'aa mpaka ukijitazama unaziona chunusi zako. Siku nne kabla ya maonyesho haya ya magari ngazi ikaanguka, ikauparura ule mlango. Kopo la kwanza lilikuwa limekwisha. Chiriku akachanganya jingine, akatoka nje kulinganisha kwenye jua la saa sita, akapuliza, akaridhika. Jua halikuona tofauti yoyote. Taa nyeupe za ukumbini ziliiona. Chini ya taa hizo gari zima lilibaki damu ya mzee, mlango peke yake ukawa kahawia, kama kiraka kwenye suruali ya bwana harusi.

Saa nne majaji wakaja na makaratasi yao, wakatabasamu, wakaweka juu ya boneti kombe la rangi bora. La rangi, jamani! Chiriku hakusogea hata nusu hatua. Kaka yake akamkumbatia mbele za watu.

"Watu waliniambia nitafute fundi wa kweli," akasema, macho yamelowa. "Nikawaambia ninaye nyumbani."

Badala ya kufurahi, Chiriku alihisi moyo unamchoma. Aliona kombe lile ni la wizi. Wakigundua watalichukua, na aibu ataibeba kaka aliyemwamini.

Watazamaji nao hawakukosa la kusema, maana mdomo haulipiwi kiingilio. Mama mmoja alisema gari hili halifai, nani atathubutu kulitoa kwenye mvua? Bwana mmoja mwenye kofia aliona magurudumu yamezidi, kama mtoto kavaa viatu vya baba yake. Binti mwenye miwani akatamka wazi kwamba kombe lilistahili lile gari la bluu la jirani. Chiriku nusura amwambie alichukue tu.

Ndipo akamwona kaka yake anarudi kutoka getini, na pembeni yake Mjomba. Huyo alikuwa ndugu wa mama yao, fundi aliyemfundisha rangi kwa miaka kumi na moja, na ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosea. Muulize mwenyewe.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Sogea nione."

Chiriku hakusogea. Badala yake yale maneno aliyoyabana tangu asubuhi yakamtoka yote kwa mkupuo: ngazi, kopo, jua, taa, kombe. "Lirudisheni," akamaliza, akiondoka mlangoni. "Kaka, nisamehe."

Mjomba akauinamia mlango, akautazama kwa muda mrefu.

"Ulilinganisha wapi?"

"Nje, juani."

"Nani kakufundisha kulinganisha rangi juani tu?"

"Wewe, Mjomba. Siku nilipobisha ulinifukuza gereji mpaka kesho yake."

Mjomba akakohoa. Kaka akatoa mfukoni karatasi aliyopewa pamoja na kombe, akaikunjua. "Hii ni ya ukaguzi wa jana, magari yalipoingia," akasema, akasoma polepole: "Mlango wa kushoto, rangi imepotoka. Alama mbili zimekatwa."

"Zimekatwa?"

"Zimeshakatwa, dada. Na bado umewapita wenzako kwa tano."

Chiriku akashusha pumzi, akakaa sakafuni palepale akicheka na kulia kwa pamoja. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

"Kumbe siku nzima nalinda mlango ambao majaji wenyewe wanaujua!"

"Mimi nilidhani unaringa," kaka akasema. "Nikasema muache, leo ni haki yake."

Mlango sasa ulikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Haikupita dakika, bwana mmoja aliyembeba mwanawe akasimama, akainamisha kichwa huku na huku.

"Mbona mlango huu kama wa gari jingine? Nani kauharibu?"

Chiriku akaanza kuinuka ajibu. Mjomba akamwekea mkono begani, akamkalisha tena.

"Mlango huo nimeuharibu mimi," akamwambia yule bwana. "Sehemu nyingine zote ni kazi ya mpwa wangu."