Injini Isiyokohoa

Kitu alichojivunia Ismail kuliko duka lake la vyombo vya plastiki pale Kariakoo kilikuwa mapokezi. Kila jioni akipanda ngazi hadi kwake ghorofa ya tatu, Mchafukoge, alikuta mlango umeshafunguliwa, chai ipo mezani, redio imezimwa, bintiye Mboni kainamia daftari na mkewe Badria kasimama na taulo mkononi. Nyumba kimya kama maji mtungini. Wenzake dukani walipolalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu, yeye alitabasamu tu. Nyumba yangu inaniheshimu, alikuwa akisema, na heshima hainunuliwi.

Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwahi kumwinulia mtu mkono. Ila alikuwa na jicho la kuona kiatu kilichokaa upande, na swali lake la kwanza akivua kofia lilikuwa lile lile: "Nani kaacha taa ya chooni inawaka?"

Gari lake nalo lilikuwa na tabia zake. Likikata kona kuingia mtaani lilikohoa, likapiga chafya, halafu likanguruma mpaka vioo vya duka la dawa vikatetemeka. Muuza kahawa wa pale chini alisema, "Mzee Ismail huyo," kabla hata taa za gari hazijaonekana. Ismail hakuona tatizo, hadi siku alipokuwa akipanda daraja la Kigamboni na bajaji ikampita. Ilikuwa imepakia watu na godoro. Yule aliyeshikilia godoro alimpungia mkono.

Hilo lilimkera vibaya sana. Kesho yake alikuwa mtaa wa Gerezani, kwenye gereji ya fundi Kasmir, mtu wa Rombo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nataka nguvu, Kasmir. Nasikia habari za turbo."

Kasmir alifungua boneti, akawasha, akasikiliza, akachomoa kijiti cha oili na kukunja uso. "Turbo ni pampu, mzee wangu. Inaisindilia injini hewa, injini inachoma mafuta zaidi, unapata mbio. Sasa hii yako imechoka, ringi za pistoni zimelika. Ukiisindilia hewa ni sawa na kumpa mgonjwa wa pumu apulize tarumbeta. Utatamba siku mbili tatu, halafu tunaokota vyuma barabarani. Mbio za sakafuni hizo. Badilisha injini moja kwa moja. Zipo za kutoka Japani, kila moja inakuja na gia boksi yake. Kuna kausumbufu ka kubadilisha namba ya injini kwenye kadi ya gari, lakini roho yako itatulia."

Ismail aliona maneno hayo yana akili. Jioni akayafikisha nyumbani kama taarifa, wala si jambo la kujadiliwa. Ajabu ni kwamba yalijadiliwa. Badria, ambaye tangu aolewe hakuwahi kugusa boneti, aliweka birika chini.

"Hiyo turbo ukiiweka, injini inabaki ile ile?"

"Inabaki."

"Basi weka turbo, Baba Mboni. Injini yetu tumeizoea."

"Turbo, Baba," Mboni akadakia bila kuinua macho. "Hiyo nyingine hatuijui."

Ismail alilala moyo mkunjufu. Asubuhi akamsimulia fundi, "Watu wangu wana huruma hata na chuma!" Lakini huruma haipandishi daraja. Injini ikabadilishwa.

Siku ya kulichukua gari alisimama mbele yake, akamwambia Kasmir awashe.

"Nimewasha, mzee. Weka mkono hapo."

Aliweka kiganja kwenye boneti, akasikia mtetemo mdogo tu. Akacheka peke yake kama mtoto. Njiani alinunua halua, na hakupiga simu, maana alitaka kuwashtua kwa furaha. Alipokata kona, muuza kahawa hakuinua hata kichwa.

Ghorofa ya pili alisikia taarabu na vicheko. Wenzetu wana raha, alijisemea, na wivu kidogo ukamgusa. Alipofika juu akakuta raha yenyewe iko nyuma ya mlango wake.

Badria alikuwa akiimba. Sauti ile Ismail aliisikia mara ya mwisho kwenye harusi ya shemeji yake, Mboni akiwa bado anabebwa mgongoni. Kisha Mboni akasema, "Mama, tayari? Nakuja!" na kooni mwake likatoka gari. Kho! Kho! Kho! Chafya, ngurumo. "Baba kaja!" Badria akadakia. Miguu ikatimka, kiti kikaburutwa, redio ikazimwa, chai ikamiminwa. Halafu Mboni, kwa sauti nzito ya kuigiza: "Nani kaacha taa ya chooni inawaka?"

"Mbavu zangu, wewe mtoto!" Badria alicheka mpaka akakosa pumzi.

"Lakini Mama, na hiyo injini mpya tutajuaje kama anakuja?"

"Ndiyo maana nilimwambia aweke turbo," Badria akasema, na kicheko chake kikapungua.

Ismail alisimama na ufunguo mkononi. Iliuma. Iliuma kuliko ile bajaji. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kumbe miaka yote ile adabu ya nyumba yake ilikuwa ikiundwa wakati yeye anaegesha gari na kupanda ngazi. Hasira zilimpanda, akaupeleka ufunguo kwenye kitasa. Hapo akakumbuka kwamba akiuzungusha tu, kicheko kile kitakufa. Siku zote kilikufa yeye akiwa bado konani. Leo angekisikia kikifa. Mtu mzima, na mvi zake, akauogopa mlango wake mwenyewe.

Akaurudisha ufunguo mfukoni, akaikumbatia halua yake.

"Kho," akakohoa. "Kho! Kho!" Akapiga chafya, kisha akanguruma kadiri kifua kilivyomruhusu.

Ndani kicheko kikakatika. Kiti kikaburutwa, safari hii kweli. Mboni akanong'ona, "Mama, si amebadilisha injini?"

"Nani," Ismail akauliza pale mlangoni, kwa sauti nzito kuliko yake, "kaacha taa ya chooni inawaka?"

Jirani alifungua mlango wake, akamtazama mzee mzima anayenguruma kwenye ngazi, akaufunga taratibu. Ismail alingoja, jasho likimtoka. Kisha Badria akacheka. Alijaribu kukizuia kicheko kwa kiganja, kikamponyoka, na Mboni naye akashindwa kujizuia.

Walipomfungulia, kiatu kimoja cha Mboni kilikuwa huku na kingine kule. Ismail aliwapa halua na kukaa kwenye kiti cha karibu, ambacho si chake. Kule mwisho wa ukumbi taa ya chooni ilikuwa inawaka kweli. Aliiona, na maneno yakamfika ulimini. Akasema tu, "Iwasheni redio."