Sare ya Sudi Marashi

Jana nililala mapema, nikaota niko ukumbini kwenye harusi, na harusi yenyewe haina maharusi. Pale jukwaani wanapokaa bwana na bibi, kaketi Sudi Marashi peke yake, wanja machoni, shati la hariri, mguu juu ya mguu.

Kwa asiyemjua, Marashi ni mwimbaji. Mie Siwema nimetoka eda na akili zangu timamu kwa sababu ya nyimbo zake. Nilikuwa nazisikiliza nimejifunika shuka hadi utosini, mawifi wasijue. Mashabiki wake tuna kundi letu kwenye simu, na kazi ya kundi ni moja: kubishana yule ni dada au ni dume. Juzi kasema mwenyewe redioni kwamba tukiendelea hivi ataacha kuimba, aende zake kulima. Tangu hapo roho yangu haijatulia.

Basi ukumbini kila mtu ana sare, wengine upande wa bibi harusi, wengine upande wa bwana. Marashi hana. Mlangoni wameandika kwamba asiye na sare haimbi. Mbele ya jukwaa ipo cherehani ya miguu, imevaa miwani.

"Nani anamjua huyu?" inauliza. "Aseme ni nani, nimshonee."

Anasimama Chande wa kundini kwetu, mpakia mizigo bandarini, mtu wa miraba minne. Anasema ubishi basi, huyu ni dada yetu, binti kabisa. Cherehani inapiga, linatoka gauni la pinki lenye marinda. Anavishwa Marashi. Linamporomoka hadi miguuni, na anapojaribu kusema asante, sauti inatoka nusu.

Anafuata Bi Tausi, mwalimu mkuu mstaafu. Yeye anasema lile ni dume, wanja ni mbwembwe za kazi. Inatoka suti nyeusi. Suti inamkaba Marashi kifuani, na sauti inapungua tena, inabaki ya kifaranga.

Mie nimezaliwa na udadisi, siwezi kuona jambo nikanyamaza. Nikaisogelea cherehani nikaiuliza mbona nguo hazimkai.

"Nashona kwa kipimo nilichopewa," ikasema.

"Kipimo cha nani?"

"Cha msemaji. Huyu hajapimwa na mtu."

Kwa kuwa kitambaa kilichokatwa hakirudishwi dukani, Chande akachorwa mgongoni kwa chaki ya fundi, alama mbili, akaambiwa alivae gauni mwenyewe. Likamkaa, nakwambia, mabega mahali pake, marinda mahali pake. Akajigeuza mbele ya kioo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyuma limelala vizuri. Nikamwambia limelala. Bi Tausi naye akachorwa, akafunga vifungo vya suti, akatia mikono mifukoni, akasema hajapata kuwa na mifuko mirefu namna ile. Mie moyoni nikasema nyani haoni kundule, nikapanda jukwaani na jibu langu la siku nyingi.

"Wote hamjui kitu," nikawaambia. "Huyu si mwanamume wala mwanamke. Huyu ni malaika."

Nikaona nimewamaliza. Cherehani ikavua miwani, ikaifuta, ikaagiza manyoya ya bata. Mabawa yakatoka mapana ajabu. Marashi alipovishwa, ile sauti ya kifaranga nayo ikakatika. Mdomo unafunguka, hakuna kitu. Nikaingiwa na hofu, maana safari hii nimemmaliza mimi. Kisha nikahisi chaki inanichora mgongoni, alama mbili, kama ilivyowachora wenzangu, na mabawa yakahamia kwangu. Yalinikaa kama nimezaliwa nayo. Aibu niliyoiona sina pa kuiweka.

Marashi akaichukua ile chaki, akainama, akaandika kwenye mbao za jukwaa. Bi Tausi akasoma kwa sauti yake ya darasani:

"Malaika hali. Mimi nina njaa tangu asubuhi."

Ukumbi mzima ukatazamana. Kweli, hakuna aliyekuwa amemkaribisha hata maji.

Nikageuka, na ukumbi ni jiko langu. Mabawa yanaangusha sufuria. Chande yuko kwenye mbuzi na gauni lake, anakuna nazi. Nikitazama tena, mbuzi ipo, Chande hayupo. Nikamwekea Marashi wali na mchicha. Akala tonge la kwanza, la pili, na la tatu akasema:

"Chumvi imepungua, dada."

Sauti imerudi. Nikampa chumvi, nikakaa kumtazama. Anakula kwa haraka, anachambua pilipili anaiweka pembeni. Nilikuwa na maswali, jamani. Lile la kundini likanipanda hadi kooni, nikalimeza, nikauliza jingine.

"Nikuongezee?"

"Niongezee."

Aliposhiba akanawa, akaimba pale pale karoni, na shati lake alilokuja nalo. Nililia bila kujificha. Nikaamka hajafika ubeti wa pili.

Asubuhi nilipovua gauni la kulalia nikaona nyuma, kwenye mabega, alama mbili za chaki. Nikazisugua kwa kidole, zikaniachia unga mweupe. Simu ikalia. Alikuwa Chande, na hakuandika kundini, aliniandikia mimi peke yangu. Kaomba radhi kwa usumbufu, anauliza chaki ya fundi inatoka na nini kwenye fulana.

Nikamjibu maji ya baridi, asisugue.

Akaandika tena: "Mie niliamka nakuna nazi. Aliimba?"

"Alikula kwanza," nikamwandikia. "Kisha akaimba."