Sabuni ya Mama Chiriku

Mke wa kinyozi alipoondoka kwenda kufanya kazi ya uuguzi ng'ambo, aliacha nyumbani mume, mtoto mmoja wa kike, na kabati la jikoni lililojaa sabuni. Alikuwa amezitengeneza mwenyewe, kwa mafuta ya nazi na mchaichai uliojiotea kwenye ndoo iliyotoboka karibu na mlango wa nyuma. Zilikuwa za rangi ya kahawia, zimekatwa kwa kisu bila kujali usawa, na ukiingia nyumba ile harufu yake ilikupokea kabla hujakaribishwa na mtu.

Mtoto walimwita Chiriku, kwa kuwa tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini hata walimu walishalisahau.

Kinyozi hakuwa mtu wa kuangalia kilichomo kabatini. Aliamka, akampeleka mtoto shule, akafungua kibanda chake, akanyoa vichwa mpaka jioni, akarudi kupika. Kitandani alilala pembeni, upande wake ule ule wa siku zote, upande wa ukutani ukabaki na mto wake umetulia kama ulivyoachwa. Kwa hiyo hakujua sabuni zinakwisha, mpaka alipopeleka mkono kabatini akapapasa ubao mtupu. Akamwita Chiriku.

“Mwanangu, sabuni zimekwisha na hukuniambia?”

“Ipo moja.”

“Iko wapi?”

Mtoto akaenda chumbani akarudi na soksi. Ndani yake mlikuwa na kipande chembamba kama ganda la yai.

“Sasa wewe unaoga na nini?”

“Na maji.”

“Maji matupu? Na hii je?”

“Hii si ya kuoga, Baba. Hii ni ya kunusa.”

Kinyozi akatoka nje, akajifanya anamwagilia mchaichai. Alimwagilia mpaka ndoo ikafurika na kulowesha viatu vyake.

Jumamosi walimpigia mama simu ya picha, kama kawaida yao. Alitokea amevaa sare ya kazi, amekaa kwenye kiti katika jiko lisilokuwa lake. Kazi yake ilikuwa kumtunza bibi mmoja asiyeweza tena kutembea. Chiriku alieleza habari zote za wiki bila kupumua, kisha kinyozi akaichukua simu.

“Hivi ile sabuni yako ulikuwa unaitengenezaje?”

Mkewe alicheka mpaka akashika tumbo. “Wewe? Wewe uliyewahi kuunguza maji?”

“Niliyasahau tu jikoni.”

“Sufuria ilitoboka, mume wangu!”

Lakini alimweleza. Majani ya mchaichai yakatwe, yachemshwe polepole kwenye mafuta mpaka yatoe harufu yote. Kostiki, yale magadi makali, itiwe kwenye maji, na kamwe maji yasimwagwe juu ya kostiki, la sivyo itamrukia usoni. Chiriku asikaribie. Ikishapoa, vichanganywe na kukorogwa mpaka viwe vizito kama uji wa mgonjwa.

“Kiasi gani?”

“Mimi nilikuwa nakadiria na kile kikombe cha bluu.”

“Kilivunjika.”

“Lini?” aliuliza mkewe.

“Tangu mwezi uliopita. Kiliniponyoka nikiosha vyombo.”

“Hamkuniambia.”

“Ni kikombe tu, Mama Chiriku.”

“Najua ni kikombe tu,” alisema, lakini baada ya hapo aliongea kama mtu anayeharakisha, akasema bibi anamwita.

Sabuni ya kwanza haikuwa sabuni. Ilikaa kwenye boksi la viatu siku nzima, na walipoifungua mafuta yalikuwa yamejitenga juu, chini kuna maji ya kijivu. Chiriku aliinusa akakunja pua.

“Inanuka kama gereji.”

Ya pili iliganda vizuri hata wakashangilia, ila ilikuwa kali. Kinyozi aliijaribu kwenye viganja vyake, ngozi ikawaka, kisha ikababuka. Kesho yake kibandani alinyoa amevaa glavu za kuoshea vyombo, za njano, zinazofika kwenye viwiko. Mteja wake wa siku nyingi, fundi wa redio, alimtazama kwenye kioo.

“Leo unaninyoa au unaniosha?”

“Kaa kimya nisije nikakukata sikio.”

“Nasikia umeanza kutengeneza sabuni. Mwenzetu, sabuni dukani zimejaa tele!”

“Za dukani tunazo.”

“Sasa?”

Kinyozi alifuta kisogo cha mteja kwa brashi, akaondoa shuka, akalikung'uta nje kwa muda mrefu kuliko nywele zilizokuwemo. Fundi wa redio hakuwa mjinga. Jioni alikuja na mzani mdogo wa kupimia vitu vya jikoni, akauacha kwenye kiti bila maneno mengi. “Mke wangu alikuwa anapimia unga wa keki,” alisema. “Siku hizi hapiki keki. Pimeni, msikadirie.”

Wakapima. Mara ya tatu kinyozi alisimama uani amejifunga kitambaa puani, Chiriku akakaa mlangoni, mbali, mahali alipochorewa mstari kwa chaki asiuvuke. Kazi yake ilikuwa kutoa amri.

“Baba, mafuta yamepoa?”

“Yamepoa.”

“Shika nje ya sufuria uone.”

“Yamepoa, mama.”

“Haya, tia kostiki kwenye maji. Lakini Baba, Mama hakuwa anatia maji.”

Kinyozi alisimama na ndoo mkononi. “Alikuwa anatia nini?”

“Chai yake. Ile ya asubuhi aliyokuwa haimalizi. Alikuwa anasema bomba liko mbali na chai iko hapa.”

Ilikuwa kweli, na kinyozi aliiona wazi: mkewe amesimama jikoni, kanga kiunoni, birika la chai ya rangi iliyopoa limeinamishwa juu ya ndoo. Miaka yote ile alipita nyuma yake akitafuta soksi au funguo, na hakuwahi kutazama anachokifanya. Mwenyewe hakukitaja kwenye simu, maana kwake haikuwa sehemu ya kutengeneza sabuni. Ilikuwa uvivu wa kwenda bombani, basi.

Wakachemsha chai, wakaiacha ikapoa kabisa, ndipo kinyozi akaianza sabuni upya. Mchanganyiko ulipozidi kuwa mzito, ukawa wa kahawia. Chiriku alisimama juu ya mstari wa chaki kwa ncha za vidole.

“Ndiyo yenyewe! Baba, ndiyo yenyewe!”

Sabuni kama ile haitumiki papo hapo. Waliikata ikiwa bado laini, wakaipanga juu ya kabati ikauke, na ikawabidi wasubiri wiki nyingi makali yake yaishe. Chiriku alitaka kupanda kiti kila akitoka shule kuangalia. Kinyozi alimkataza, lakini yeye mwenyewe, mtoto akiwa shuleni, alikuwa akirudi mara moja kutoka kibandani kwa kisingizio cha kusahau kitana, akasimama sebuleni akivuta pumzi. Harufu ilikuwa inarudi ndani ya nyumba. Kwanza ilishika mapazia, halafu mito ya makochi. Siku moja aliingia, na kabla hajajizuia akaita jina la mkewe, kwa sauti, kama mtu anayetaka kujua chakula kiko tayari.

Hakumwambia mtu.

Sabuni ilipokuwa tayari, Chiriku alikuwa wa kwanza kuoga nayo. Kinyozi alikaa nje ya mlango wa bafu akisikiliza maji na wimbo. Kisha wimbo ukakatika, yakabaki maji peke yake.

“Chiriku?”

Kimya. Chiriku, kimya!

Akafungua. Mtoto alikuwa amekaa sakafuni na povu kichwani, sabuni ameishika kwa mikono miwili, analia bila sauti, mabega yanapanda na kushuka.

“Imekuchoma?”

Akatikisa kichwa.

“Sasa nini, mwanangu? Si umeipata? Ndiyo yenyewe, si ulisema?”

“Ndiyo yenyewe,” alisema. “Lakini Mama hayupo.”

Kinyozi alimmwagia maji, akamfunga taulo, akambeba ingawa alishakuwa mzito wa kubebwa. Alikuwa amedhani wanatafuta harufu. Sasa walikuwa nayo, nyumba nzima, na ilikuwa inawaambia kila dakika ni nani aliyekosekana.

Jumamosi alimwambia mkewe. Alimweleza yote, sabuni ya gereji, glavu za njano, chai. Kwenye chai mkewe alifunika mdomo kwa kiganja. Kwenye bafu aligeuza uso, na kwa muda kwenye simu lilionekana sikio lake tu na ukuta mweupe.

“Baba Chiriku,” alisema hatimaye. “Kuna jambo sijawaambia.”

“Sema.”

“Mkataba unaisha mwezi ujao.”

“Najua. Tunahesabu.”

“Wameniongezea mwaka. Nimekubali.”

Kinyozi aliangalia mlangoni kuona kama mtoto yupo. Hakuwepo, ila alisikia miguu ikipiga sakafu kwenye ukumbi, kisha ikaacha.

“Umekubali bila kuniuliza?”

“Ningekuuliza ungesema rudi.”

“Ningesema rudi, ndiyo!”

“Na mimi ningerudi,” alisema mkewe, na hapo akashindwa kujizuia. “Ningerudi siku hiyo hiyo, na nyumba tunayoijenga tusingeimalizia, na wewe unalijua hilo. Ndiyo maana sikukuuliza.”

Hasira ilimjaa kinyozi, lakini haikupata pa kukaa. Uso uliokuwa mbele yake ulikuwa umechoka kuliko alivyowahi kuutazama. Alikuwa amezoea kuuangalia akitafuta kama unatabasamu.

“Basi omba likizo,” alisema. “Hata wiki mbili. Usikubali mwaka bila likizo.”

“Nitaomba.”

“Usiombe. Waambie.”

Chiriku aliacha kununa siku ya tatu. Alimkuta baba yake anasafisha mashine za kunyolea, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

“Hizi za Mama zifungie kwenye kabati. Sitaki kuzinusa kila siku.”

“Sasa tutaoga na nini?”

“Tutengeneze zetu. Za machungwa.”

Wakakusanya maganda ya machungwa, wakayaanika juani kwenye sinia, wakayatwanga kwa kinu mpaka jirani akauliza kutoka ng'ambo ya ukuta kama wana harusi. Rangi ikatoka ya njano. Chiriku aliikata mwenyewe, kwa rula, kila kipande sawa na mwenzake, na kinyozi alishangaa mtoto wa mama yule ametoa wapi unadhifu huo. Kwa muda nyumba ilinukia machungwa na mafuta ya mashine za kunyolea, na usingizi ukawa unakuja mapema zaidi.

Likizo ilikubaliwa. Mama Chiriku aliwasili mchana wa jua kali na masanduku mawili. Chiriku, aliyekuwa ameimba njia nzima kwenda kumpokea, alijificha nyuma ya suruali ya baba yake. Mama alipoinama kumkumbatia, mtoto alinusa shingo yake, akarudi nyuma kidogo. Alinukia manukato ya ugenini, na dawa za hospitali.

Nyumbani Mama aliweka masanduku chini, akasimama katikati ya sebule akageuza kichwa huku na huku.

“Machungwa,” alisema taratibu.

“Ni sabuni yetu,” alisema Chiriku. “Ukitaka zako zipo, Baba amezifungia.”

“Hapana. Nitaoga na yenu.”

Akaingia bafuni. Kinyozi na mwanawe walikaa ukumbini wakisikiliza maji yakimwagika kwa muda mrefu, kama watu wanaosubiri zamu yao kwa daktari. Kisha mlango ukafunguka kidogo, mvuke ukatoka, kikafuata kichwa cha mama, nywele zimelowa, povu bado limebaki nyuma ya sikio. Alitazama ukutani mahali palipokuwa na msumari, sasa hapakuwa na kitu. Akawatazama wao, kwa aibu ya mgeni aliyechelewa kuuliza.

“Taulo,” alisema, “siku hizi mnaweka wapi?”

Chiriku alikuwa ameshasimama.

“Njoo, Mama,” alisema, akamnyooshea mkono. “Nitakuonyesha.”